Pua ya Mama

Mama yangu alikuwa fundi wa vikuba anayejulikana kambi nzima, na hakuwa akisikia harufu yoyote. Nayasema mambo haya mawili kwa pamoja kwa sababu nyumbani kwetu yalikwenda pamoja, na kwa miaka mingi hakuna mtu nje ya mlango wetu aliyelijua hilo la pili.

Kikuba ni kifungu kidogo cha maua: vitumba vya asumini vilivyotungwa, waridi moja, majani ya mrehani, langilangi mbili tatu, vyote vimefungwa pamoja ili mwanamke avibane kifuani au nyuma ya sikio. Huko pwani nasikia hutungwa kwa uzi wa pamba. Sisi tulitumia singa ya mkonge iliyolainishwa kwa mafuta ya nazi, kwa sababu singa ilikuwa kila mahali. Ilikuwa uani, ilikuwa kwenye nywele zetu, na mara nyingine niliikuta ndani ya ugali.

Kambi yetu ya wafanyakazi wa mkonge ilikuwa nje kidogo ya Korogwe, upande wa kwenda Mnyuzi, kati ya reli na kiwanda cha kukamulia mkonge. Aliyewahi kupita pale kwa treni anaujua mfereji wetu bila kuuona. Mashine ilikwangua majani, singa zikaenda kuanikwa, na yale makapi na majimaji ya kijani yakatiririka nyuma ya nyumba zetu, yakachacha juani. Abiria walikuwa wanafunga madirisha. Sisi watoto tuliwapungia mkono tukidhani wanaogopa jua.

Mama aliajiriwa chumba cha brashi kabla hajaolewa. Ndiko singa kavu zinakopigwa brashi mpaka zing'ae, na vumbi lake jeupe hujaa hewani kama unga kinuni. Alifanya kazi hapo miaka kadhaa akiwa amejifunga kitambaa usoni, kitambaa ambacho jioni alikikung'uta mlangoni. Siku moja, mimi nikiwa bado mgongoni, maharage yaliungua. Jirani yetu wa nyumba ya nne alikuja mbio na ndoo ya maji, akamkuta mama amekaa hatua tatu kutoka kwenye chungu, anasuka ukili.

"Wewe, husikii?" jirani akauliza.

"Nini?"

Ndivyo alivyojua. Jirani alidhani mama alikuwa na mawazo, akamwonea huruma, akampa maharage yake.

Wakati huo bustani ilikuwapo tayari. Asumini ilitambaa kwenye ukuta wa jiko, mirehani ilikuwa ndani ya makopo ya mafuta ya taa mlangoni, na mlangilangi aliupanda karibu na mfereji kwa sababu unapenda maji. Mwaridi ulitoka Lutindi: baba alikwenda huko kumtembelea mtu wa kwao, akarudi na kijiti kimefungwa kwenye kitambaa chenye maji, akakitoa mfukoni kama mtu anayetoa barua. Baba alikuwa mkata mkonge kutoka Nyasa, manamba aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili na hakurudi tena kwao. Hakuwa mtu wa kuleta zawadi. Mama alikichoma kile kijiti ardhini siku hiyohiyo, na mvua ilipokuja kikachipua.

Nilipokuwa na akili ya kuuliza maswali, na akili hiyo ilinijia mapema kupita ilivyotakiwa, nilimuuliza kwa nini aliendelea kuyatunza maua asiyoyasikia.

"Ulitaka niyang'oe?" alisema. "Yamenikosea nini?"

Nami sikuamini hata hivyo kwamba hasikii harufu. Nilikuwa na miaka minane hivi na nilikuwa nimekwisha kujua kwamba mtu anaweza kusema jambo lisiwe kweli. Basi alasiri moja nilichota makapi mabichi ya mfereji kwenye kifuu, nikayaingiza chini ya mkeka aliokuwa ameketi akitunga. Nikasimama mlangoni kumtazama. Mama aliendelea kutunga, akinong'ona wimbo, akinyoosha singa kwa meno. Dada yangu aliyenifuata aliingia, akaziba pua, akapiga kelele. Mama aliangalia huku na huku, kisha akaniangalia mimi, na uso wake ukaonyesha kwamba ameelewa jaribio lenyewe na matokeo yake. Hakunipiga. Alisema tu, "Basi sasa umejua. Njoo ufanye kazi."

Kuanzia siku ile nikawa pua ya mama.

Kazi ilikuwa hivi. Wanawake waliagiza vikuba kwa ajili ya Ijumaa, kwa ajili ya harusi, au kwa ajili ya mume aliyekuwa anarudi kutoka safari. Mama alichuma vitumba vya asumini vikiwa bado vimefumba, kwa sababu asumini hufunguka jioni, na fundi anataka ifungukie mwilini mwa mtu, si kikapuni. Hayo aliyaweza kwa macho na vidole. Lakini kulikuwa na jambo ambalo macho hayawezi. Upepo ukitoka kiwandani, maua hushika harufu ya mkonge, hasa yaliyo karibu na mfereji, na ua lililoshika mkonge kwa macho ni ua zuri kama jingine lolote. Kwa hiyo kila ua lilipita puani kwangu kwanza.

Mwanzoni nilisema "zuri" na "baya". Mama hakuridhika.

"Linanukia kama nini?"

"Kama ua."

"Ua nimelishika mkononi. Niambie kama nini."

Ndipo nikaanza kutafuta. Langilangi, nilimwambia, inanukia kama shangazi anayeanza kuzungumza kabla hajapiga hodi. Mama alicheka mpaka akadondosha sindano, kisha akasema, "Basi leo tuweke moja tu." Mrehani ulikuwa kama asubuhi ya Idi kabla watu hawajagombana. Waridi lilikuwa kama kitabu kipya cha shule, ukikifungua katikati. Kila siku nilitafuta jibu jingine, na asumini ilibadilika kuliko yote. Baada ya mvua ilikuwa kama shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa, siku za jua kali ilikuwa kama kanga ambayo haijafuliwa bado, na mara moja, sijui kwa nini, ilikuwa kama baba akiwa amenyoa ndevu. Mama alisikiliza amefumba macho. Nadhani alikuwa anakumbuka harufu za zamani, akizipanga upya kwa maneno yangu, kisha mikono yake ikapunguza hapa na kuongeza pale. Vikuba vyake vilisifiwa mpaka Korogwe mjini.

Nilipokwenda shule ya bweni, dada yangu akarithi kazi. Mama aliniandikia, yaani alimwambia dada aandike, na dada akaandika kila neno bila kujitetea: "Dada yako ananipa hukumu, hanipi harufu. Rudi upesi."

Sikurudi upesi. Nilitoka shule moja nikaingia nyingine, mpaka nikafika chuo kikuu Kampala, ambako nilijifunza kutilia shaka karibu kila nilichofundishwa nyumbani na nusu ya nilichofundishwa shuleni. Niliacha kuamini kwamba asumini ikivaliwa adhuhuri chini ya mti mkubwa inaita majini. Niliacha kuamini kwamba serikali ya Mwingereza ilikuwa hapa kwa faida yetu, ingawa hilo halikuhitaji chuo. Na nilijifunza kuvuta sigara, kwa sababu wenzangu waliopenda mabishano walivuta, na ilionekana kwamba hoja hutoka vizuri zaidi ikitanguliwa na moshi.

Nikiwa mwaka wa pili, barua ya dada yangu ilinifikia. Alikuwa ameposwa. Kijana mwenyewe alikuwa wa Handeni, Mzigua, mkulima aliyeleta mahindi yake sokoni Korogwe. Mama yake alifariki zamani, akalelewa na shangazi yake, na neno la shangazi ndilo lililokuwa neno la nyumba ile. Shangazi huyo alikuja kutuona. Dada aliandika yaliyotokea kwa urefu, na kwa mwandiko wa mtu mwenye hasira.

Shangazi alishuka kwenye lori, akafika mpaka kona ya nyumba yetu, akachukua pembe ya kanga akaziba pua. Hakuiondoa tena. Aliketi, akapokea maji kwa mkono mmoja.

"Mkwe," alimwambia mama, "mnaishije na harufu hii?"

"Harufu gani?" mama akauliza.

Aliuliza kwa nia safi kabisa. Siku nyingine angejua kwamba anaulizwa habari za mfereji, lakini siku ile alikuwa na wageni, ana wasiwasi, alidhani labda kuna kitu kimeungua jikoni. Shangazi akamgeukia mwanamke aliyefuatana naye, akasema kwa Kizigua, akidhani sisi watoto wa manamba hatukielewi. Kambini kwetu hakuna lugha isiyoeleweka. Alisema: "Umeona? Wameoza mpaka wenyewe hawajisikii. Na huyu msichana tutamwingiza ndani na uvundo wake."

Hakuvunja uchumba. Kijana alikuwa ameng'ang'ania. Lakini habari ilitangulia Handeni, na muda si mrefu dada yangu alisikia sokoni kwamba huko anakokwenda wamekwisha kumpa jina: Bi Mkonge.

"Mama amesema," dada alimalizia, "kwamba nitaingia Handeni na kikuba ambacho hawajapata kukisikia, na hilo jina watalimeza. Lakini anasema mimi ni bibi harusi, siruhusiwi kuyanusa maua yangu. Anakutaka wewe. Tafadhali kaka usichelewe. Ni mimi nitakayeishi nao."

Nilichukua treni mpaka Nairobi, kutoka Nairobi mpaka Voi, kutoka Voi mpaka Kahe, na kutoka Kahe mpaka Korogwe, nikivuta njia nzima. Nilikuwa na maswali tayari. La kwanza nilimuuliza mama jioni ileile: kwa nini bibi harusi asinuse maua yake? Nani alianzisha jambo hilo?

"Akiyanusa asubuhi nzima, jioni hatayasikia," mama alisema. "Ni siku yake, naye atakuwa wa pekee asiyejua anavyonukia. Ulidhani ni uchawi?"

Nilikuwa nimedhani ni uchawi.

Shangazi alifika siku iliyofuata, na wanawake wawili, kumchukua bibi harusi. Walilazwa kwa jirani wa nyumba ya nne. Safari ilikuwa kesho yake baada ya adhuhuri, kwa lori lililopambwa kwa makuti, na mama alikuwa amehesabu mwendo wake: vitumba vya asumini vikichumwa asubuhi, vikafunikwa kwa jani bichi la mgomba, vingeanza kufunguka lori likiingia Handeni kabla ya magharibi.

Basi asubuhi hiyo tulikuwa wawili bustanini, mama na mimi, na ungo kati yetu. Mama alichuma asumini, akaninyooshea, akafumba macho kama zamani.

"Niambie."

Nilinusa. Sikusikia kitu. Nilinusa tena, nikavuta kwa nguvu, na kilichonijia kilikuwa kitu cha mbali sana, kama mtu anayezungumza nyuma ya ukuta: unajua kuna mtu, hujui anasema nini. Nilijua mara moja ni sigara. Nilijua pia kwamba siwezi kumwambia mama yangu navuta, si asubuhi ile, wakati dada yangu yumo ndani amepakwa hina na anatuamini.

"Kama shingo ya mtoto aliyetoka kuogeshwa," nikasema.

Mama akaiweka kwenye ungo. Akanipa langilangi.

"Kama shangazi anayezungumza kabla ya kupiga hodi."

Akanipa mrehani. Nikasema habari za Idi. Akanipa waridi, nikasema kitabu kipya. Mama alifumbua macho. Aliligeuza lile waridi mkononi.

"Mwanangu," alisema, "ulipokuwa mdogo hukunijibu jibu moja mara mbili. Hata siku moja. Leo umenipa yaleyale yote ya zamani, neno kwa neno, na mvua haijanyesha wiki mbili."

Niliokota kitumba kilichoanguka, nikakirudisha kwenye ungo.

"Una mafua?"

"Hapana, mama."

"Basi unavuta."

"Ndiyo, mama."

Nilitegemea anigombeze. Mama aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akashika magoti, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyebeba mzigo mbali halafu ukamwangukia mlangoni. "Kumbe sasa tuko wawili," alisema. "Tumepeleka mtoto chuo kikuu, karudi na pua yangu." Kisha kicheko kikakoma. Aliutazama ungo. Nilimwona anayatazama yale maua kwa hofu, mwanamke aliyekuwa amefunga mamia ya vikuba, kwa sababu yalikuwa mazuri machoni na hakuwa na njia ya kujua kama hayakubeba mfereji ndani yake. Kama yalibeba, angekuwa amemfunga binti yake kifuani lile jina la Bi Mkonge kwa mikono yake mwenyewe.

"Baba je?" nikasema.

"Baba yako miaka ishirini anaoga na mkonge."

"Jirani?"

"Jirani, na jirani wa jirani. Nani hapa anayeusikia mfereji? Wewe mwenyewe uliusikia lini?"

Wakati huo shangazi alikuwa anapita kwenda bombani, ndoo mkono mmoja, pembe ya kanga puani. Mama alimtazama anavyokwenda. Nikaliona wazo linavyomjia.

"Mama, usimwambie huyo."

"Nimwambie nani, wewe?" Akainua sauti. "Mkwe! Mkwe, hebu njoo."

Shangazi alikuja akasimama mbali kidogo. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi." Aliitikia kupitia kanga.

"Siku ile ulipokuja," mama alisema, "uliniuliza tunaishije na harufu hii."

"Nakumbuka. Nawe ukaniuliza harufu gani."

"Nilikuuliza kwa kuwa sikuisikia. Sisikii harufu yoyote, mkwe. Si hiyo tu. Tangu nilipokuwa chumba cha brashi kiwandani, pua ilikufa."

Shangazi akauonyesha mfereji kwa kidevu. "Hata hiyo?"

"Hata hiyo."

"Basi Mungu amekupenda," shangazi akasema, na nikaona kwamba hakukusudia utani. Kisha akautazama ungo. "Na maua haya unayatungaje?"

"Kwa pua za wanangu. Mmoja namwoza kwenu. Na huyu yake ameichoma kwa sigara."

Shangazi alinigeukia. "Msomi mzima!"

"Ndiyo, shangazi."

"Sikutaka unijibu."

Mama alinyanyuka kwenye kinu, akauweka ungo juu yake, katikati yao. "Kuna maua humu yameshika mfereji," alisema, "na mengine hayakushika. Mimi siwezi kuyajua. Hapa kambini hakuna anayeweza. Wewe unaweza. Ukitaka mwanangu aingie kwenu ananuka, hutakuwa na kazi yoyote, nenda tu ukachote maji. Ukitaka aingie vizuri, nisaidie."

Nilidhani tumekwisha. Mama alikuwa amempa silaha mtu aliyekuwa amekwisha kutupiga nayo. Shangazi alisimama na ndoo yake. Halafu akaitua chini, akaondoa kanga puani, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori, akakunja uso, akaketi.

Alikuwa mkali kama karani. "Hili mfereji." Akalitupa. "Hili mfereji. Hili pia." Langilangi zote alizitupa, ya kwanza mpaka ya mwisho. Majani ya mrehani aliyabakiza karibu yote. Waridi moja alilinusa, akalirudia, akalitupa, na la pili akalibakiza. Rundo lililotupwa likawa kubwa kuliko yaliyobaki kwenye ungo.

"Langilangi zote?" mama akauliza kwa sauti ndogo. Mti ule aliupanda mwenyewe, na hakuna kikuba chake kilichopata kutoka bila langilangi.

"Mkwe, umeniita ninuse au nikusifu?"

"Unuse."

"Basi zote."

Mimi nilikuwa nalitazama lile rundo na kufanya hesabu nyingine. Mti ulikuwa uleule, mahali palepale. Tangu siku ile niliyosema habari za shangazi na hodi, na miaka yote niliyoketi pale, je, nilikuwa nausikia mfereji ndani ya langilangi nikadhani ndiyo harufu yenyewe? Wale mabibi harusi wote wa utoto wangu, walitokaje? Baadaye nilimuuliza jirani wa nyumba ya nne, ambaye aliolewa kambini akiwa amevaa kikuba cha mama. Alicheka, akasema, "Baba, wote tulinuka mkonge, mume na mke na sheikh. Nani angejua?"

Zilibaki asumini. Shangazi alinusa moja moja, zile za ukuta wa jiko, akisema tu "haya" na "haya". Moshi wa jiko ulikuwa umezilinda, au ukuta, sijui. Mama alikuwa anaanza kutunga.

"Zinanukia kama nini?" aliuliza bila kuinua macho.

"Kama asumini. Zitanukia kama nini tena?"

"Jina lake nalijua, mkwe. Nataka nikumbuke."

Shangazi alinitazama, kama mtu anayetaka kuhakikishiwa kwamba hachezewi. Nikamwambia, "Ndivyo anavyofanya kazi." Akaishika asumini moja mbele ya pua, akabaki nayo hapo. Treni ya mizigo ilipita. Alingoja imalize.

"Kama mama yake bwana harusi," alisema.

Mama aliacha kutunga.

"Siku aliyoletwa kwetu. Walikuwa watu wasio na kitu, walitoka mbali huko bondeni, alitembea kwa miguu. Alikuja na asumini tupu. Kidogo tu, hapa." Akagusa kifua chake. "Hakuna waridi, hakuna udi, hakuna chochote. Nilikuwa msichana, na kaka yangu ndiye alikuwa anaoa. Nilimcheka mbele ya watu. Nikasema, je, maua mengine mmeyala njiani?"

Akairudisha ile asumini kwenye ungo, polepole.

"Watu walicheka sana. Yeye pia alicheka. Aliishi kwetu miaka saba, na hakuvaa asumini tena."

Mama alichukua ileile asumini, akaipitisha kwenye singa, ikawa ya kwanza.

Walitunga pamoja mpaka karibu na adhuhuri. Kilikuwa kikuba chembamba, asumini na majani ya mrehani na waridi moja la Lutindi, na kwa macho yangu kilikuwa duni kuliko vyote ambavyo mama alipata kutengeneza. Shangazi ndiye aliyekwenda kumfunga dada yangu. Aliingia ndani akafunga mlango, na sijui alimwambia nini. Dada alitoka na macho mekundu na uso mtulivu, na hajakubali kunieleza mpaka leo.

Mama wa bibi harusi alibaki nyumbani, kama desturi. Mimi nilipanda lori. Njia ya Handeni wakati ule wa kiangazi ni vumbi kutoka mwanzo mpaka mwisho, na dada yangu alikaa katikati ya wanawake amefunikwa shuka kubwa, mikono juu ya kifua, akiyakinga maua. Tulifika jua likiwa limelegea. Wanawake walijaa uani, na kabla lori halijazima, sauti moja ilitoka nyuma, ya mtu aliyejua kwamba hataonekana: "Haya, Bi Mkonge kafika, shikeni pua!"

Wachache walicheka. Shangazi aliteremka kwanza. Alisimama mbele ya lori, mikono kiunoni, na vumbi la safari nzima limemkaa kichwani.

"Aliyesema hayo asogee anuse," alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Sogeeni! Mnaogopa nini? Maua haya nimeyachagua mimi, ua kwa ua, kwa pua yangu hii. Mwenye neno kuhusu harufu ya huyu binti ana neno na mimi."

Mzee mmoja wa kike, dhaifu, mwenye fimbo, ndiye aliyesogea. Dada yangu alikuwa ameshuka. Bibi yule aliinama karibu na kifua chake, akakaa hapo, akanyanyuka, akamshika dada shavuni. Halafu akasema neno moja kwa Kizigua, jina la mtu, na shangazi akageuza uso. Sikuhitaji kuuliza ni jina la nani. Vigelegele vilianza, na jina la Bi Mkonge halijasikika tena, angalau si mbele ya shangazi, na Handeni mambo mengi yako mbele ya shangazi.

Niliporudi Korogwe, mama alitaka nimweleze yote. Nilimweleza.

"Kwa hiyo amesema maua ni yake."

"Amesema hivyo, mama. Mbele ya watu wote. Wewe hakukutaja."

"Vizuri," mama alisema, na alionekana kuridhika kabisa. "Na wewe ulikisikia? Kilinukia kama nini?"

Nilikuwa nimejaribu. Nilipomkumbatia dada yangu kumuaga niliinamisha kichwa makusudi, nikavuta pumzi, na nikapata vumbi tu.

"Sijui, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa. Mimi ninayetaka ushahidi wa kila jambo, kikuba bora cha mama yangu nimekipokea kwa kuambiwa, na yeye pia. Sigara nimeiacha. Nimeiacha mara tatu.

Likizo hii ya mwisho nilimkuta shangazi nyumbani kwetu. Huja kila mwezi sasa kwa lori la mahindi, kuleta habari za dada yangu, ambaye ana mimba, na kunusa maua ya Ijumaa. Mlangilangi wameuhamisha, yaani wameotesha mwingine upande wa jiko, na ule wa zamani mama amekataa kuukata. Nilikuwa nimekaa kizingitini na kitabu alipotokea kwenye kona, kanga puani kama siku ya kwanza.

"Mkwe!" aliita kabla hajapiga hodi. "Leo mfereji wenu umezidi!"

Mama alisogea kwenye mkeka kumpisha. "Umezidi vipi? Niambie."

Shangazi aliketi, akashusha kanga, akavuta pumzi moja ndefu, akafikiri.

"Kama boga lililosahauliwa kwenye kapu."

Mama alifumba macho.

"La siku ngapi?" akauliza.